Kamera, TV box na plagi janja kwenye Wi-Fi moja na laptopu ya kazi: nani ametenganisha kwake, na kwa njia gani?

#1 KisikiMbezi
Wakuu, heshima zenu.

Nyumbani nina faiba ya kulipia kwa mwezi, ruta ni ile aliyokuja nayo mtoa huduma. Vilivyomo: laptopu mbili, moja ya mama watoto ya ofisini yenye taarifa za mishahara ya watu, simu za familia, printa, NVR (kinasa picha) ya kamera, TV box ya Android iliyonunuliwa Kariakoo, plagi janja na taa ya geti inayowashwa kwa simu. NVR iko kwenye waya, vingine vyote Wi-Fi moja, paswedi moja, na mtandao ni huohuo mmoja.

Kilichonileta hapa ni hiki. Usiku wa manane watu wamelala, ukurasa wa ruta unaonyesha data inatoka kwa kasi, na inayotoka inaizidi inayoingia. Halafu siku hizi tovuti nyingi zinatuuliza kama sisi ni roboti, tunachagua picha za taa za barabarani mpaka tunachoka.

Msimamo wangu: kifaa cha bei chee ambacho hujui nani aliandika programu yake hakistahili kuiona laptopu ya kazi hata kwa sekunde. Nataka kuvitenga. Swali la kwanza, kinachotoa data usiku ni nini? La pili, ninatenganishaje bila kununua mtambo mpya kila chumba?

#2 NyukiDume
Nimeweka kambi. Waje wenye madini.

#3 MtotoBuguruni
Jibu la swali la kwanza unalo sebuleni mkuu: TV box.

Juni 2025 FBI walitoa tahadhari kuhusu kundi la vifaa vilivyoambukizwa linaloitwa BADBOX 2.0. Ni TV box za bei nafuu zenye Android isiyothibitishwa na Google, projekta, fremu za picha za kidijitali na kadhalika. Vingine vinatoka na uchafu kabla hujavinunua, vingine vinaupata siku unapovifungua na kuviwekea programu za pembeni. Mwezi uliofuata Google wakafungua kesi New York wakisema vifaa vilivyoambukizwa vimezidi milioni 10. Kazi yake kubwa ni kukodisha laini yako: mtu usiyemjua analipia, anapita kwako, anafanya yake na huko anakokwenda anaonekana ni wewe. Ndiyo maana tovuti zinakushuku.

Itupe.

#4 BintiShangani
Itupe ni rahisi kusema, mtu katoa pesa yake. Kwanza apime.

Simu nyingi hupandisha picha na video wakati zipo kwenye chaji na kwenye Wi-Fi, na watu huchaji usiku. Na hiyo NVR ukiwa umeiwekea kuhifadhi mtandaoni inarusha usiku kucha. Kamera moja ya megapikseli 2 ikirushwa kwa Mbps 4 inatoa GB 1.8 kwa saa. Zidisha kwa kamera zako uone.

Kaka Kisiki, inayotoka inaizidi inayoingia kwa kiasi gani? Hapo ndipo penye jibu. Kamera na picha za simu hutoa nyingi na kuingiza kidogo sana. Mtu anayepitia laini yako huingiza na kutoa karibu sawa, kwa sababu anachokivuta kinaingia kwako kisha kinatoka kwako kumfuata yeye.

#5 DoktaKebo
Hilo la roboti msilifunge moja kwa moja na TV box. Fungua ruta, tazama IP (anwani ya mtandaoni) ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 uko nyuma ya CGNAT, yaani wateja wengi mnatoka kwa IP moja. Kuna mteja mwenzako usiyemjua ana uchafu kwake, na wewe unachagua picha za zebra kwa ajili yake.

Faida yake ni moja: ukiwa CGNAT hakuna wa nje atakayekugongea mlango. Kwa hiyo huo wasiwasi wa kamera upunguze.

#6 KisikiMbezi
Ya kwangu inaanza na 100.72.

Dada BintiShangani, zinakaribiana. Inayotoka inazidi kidogo tu.

#7 MtotoBuguruni
Zinakaribiana! Nilisemaje?

#8 MsukumaWaWaya
Buguruni tulia kwanza. Ziko programu za kuangalia mpira na chaneli za bure ambazo zinafanya kazi kwa kugawana: unachokivuta unamgawia mwingine, hata ukizima skrini zinaendelea chinichini. Nazo hutoa na kuingiza kwa kukaribiana. Ukipima tu wingi wa data huwezi kuitofautisha na unachokisema wewe.

Na Dokta, hapo kwenye CGNAT umepunguza wasiwasi usiopaswa kupunguzwa. Kweli hagongi mtu kutoka nje. Lakini kamera za siku hizi hazingoji kugongwa. Zenyewe zinatoka kwenda seva ya mtengenezaji na kuacha njia wazi, ndiyo maana unaona geti lako ukiwa Dodoma bila kufungua porti (mlango wa mtandao) yoyote. TV box iliyoambukizwa hufanya hivyo hivyo. CGNAT haizuii kinachoanzia ndani.

#9 DoktaKebo
Nimesema wa nje. Soma vizuri.

#10 KamauThika
Wakuu huku kwetu hali ni tofauti kidogo. Ploti nzima inatumia Wi-Fi ya jamaa mmoja, unalipa, unapewa namba ya kuingilia, unaingia. Majuzi nilitaka kurusha video kwa TV yangu, simu ikaniletea orodha ya TV tano. Nikabonyeza ile nilidhani ni yangu. Nikasikia ukutani mama wa jirani anauliza watoto nani amebadilisha chaneli ya Citizen.

Sasa mtu kama mimi anatenga nini, na ruta si yake?

#11 NyukiDume
😂😂 Ungemwachia amalizie kipindi chake.

#12 MsukumaWaWaya
Kamau, kwako jibu ni fupi kuliko la Kisiki. Nunua ruta yako ndogo inayoweza kupokea Wi-Fi ya ploti na kutoa Wi-Fi yako. GL.iNet wanatengeneza za kutoshea kiganjani, na ruta nyingi zinazokubali OpenWrt (programu huru ya ruta) zinaweza. Vifaa vyako vyote vinakaa nyuma yake, ploti inaona kifaa kimoja tu. Huyo jamaa mwenye Wi-Fi angewasha kitenganishi cha vifaa kwenye antena yake msingeonana kabisa, mwambie.

Kisiki, sasa swali lako la pili. Anza na kisichokugharimu: mtandao wa wageni. Karibu kila ruta ya faiba inao. Upe jina lake na paswedi yake, kisha zingatia haya:

Tafuta kisanduku kinachoruhusu wageni kuufikia mtandao wa ndani. Kwenye baadhi ya ruta kipo, na kikiwa na tiki umefanya kazi bure. Kitoe.

Kipo kingine kinachoruhusu wageni waonane wao kwa wao. Hicho nacho kitoe, labda uwe na vifaa viwili vinavyohitaji kuongea vyenyewe.

Washa masafa ya 2.4 GHz. Plagi na taa nyingi zina chipu za jamii ya ESP8266 au ESP32 ya kawaida ambazo 5 GHz hazijui ni nini.

Halafu usiamini maandishi, jaribu. Ingiza simu kwenye mtandao wa wageni, zima data ya laini, fungua kivinjari, andika IP ya NVR na IP ya printa. Andika na IP ya ruta yenyewe. Ukiona ukurasa wowote umefunguka, hakuna utengano hapo, kuna majina mawili tu.

#13 BintiShangani
Naongeza kwenye #12. Ukitumia meshi (vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyoshirikiana) au ruta ya pili ukaiweka iwe kama antena tu, mtandao wa wageni kwenye nyingi ya ruta hizo unapoteza utengano wake, kwa sababu anayegawa IP na kuamua nani apite ni ruta ya mbele. Jina la wageni litaonekana, paswedi itakuwa tofauti, lakini mgeni anapewa IP ile ile ya familia. Nimeyaona nyumba ya wageni kule Nungwi: wateja walikuwa wanaifikia kompyuta ya mapokezi. Jaribio la Msukuma ndilo lililoonyesha, si setingi.

#14 Mzee wa Ilala
Vijana mnazunguka sana. Nunua ruta ya pili ya elfu hamsini, ichomeke kwenye ruta ya kwanza, kamera na matakataka yote yaweke kwenye hiyo ya pili. Umemaliza.

#15 MsukumaWaWaya
Shikamoo mzee. Wazo ni zuri ila limekaa kichwa chini miguu juu.

Ruta iliyo ndani huzuia wanaotoka mbele kuingia ndani. Haizuii wa ndani kwenda mbele, kwa sababu kwake yeye mbele ndiko intaneti iliko. Kamera ikiwa kwenye ruta ya pili na laptopu kwenye ya kwanza, kamera inaifikia laptopu bila kizuizi. Laptopu ndiyo isiyoiona kamera. Yaani umemlinda mwizi dhidi ya mwenye nyumba.

Geuza. Matakataka yabaki kwenye ruta ya mtoa huduma, na ya pili iwe ya familia na kazi. Hapo laptopu inaweza kufungua NVR, NVR haiwezi kuanzisha mazungumzo na laptopu. Na namba zisifanane: ya kwanza ikiwa 192.168.1, ya pili iwe 192.168.50, la sivyo ruta ya pili itachanganyikiwa.

#16 Mzee wa Ilala
Marahaba. Kwa hiyo elfu hamsini ileile, nimebadilisha mahali pa kuchomeka tu. Naona tumekubaliana.

#17 DoktaKebo
Hamjakubaliana na mimi. Kwenye mpangilio wa #15 data zote za familia zinapita kwenye mtandao wa matakataka kabla ya kutoka nje. Kifaa kichafu kinaweza kujifanya ndicho ruta ya kwanza kwa kudanganya ARP (utaratibu wa vifaa kutambuana ndani ya mtandao), kikapitishiwa data zenu. Tovuti za HTTPS (zinazoficha data njiani) hakitasoma yaliyomo, lakini majina ya tovuti mnazouliza kwa DNS (huduma ya kutafuta anwani ya tovuti) ya kawaida kitayaona, na kuharibu kitaharibu.

Dawa ya hapo ni ruta tatu: moja mbele isiyo na mtu, mbili nyuma yake, moja ya familia na moja ya vifaa. Hazionani. Na ukifika kwenye ruta tatu umeshatoa pesa ya ruta moja ya MikroTik inayofanya yote.

#18 MsukumaWaWaya
Kweli kinadharia. Kwa mtu ambaye leo ana Wi-Fi moja yenye kila kitu, #15 ni hatua kubwa sana mbele. Usimkatishe tamaa.

#19 FundiKamera_Mwanza
Kwa heshima, niwaambie kitu kuhusu kamera ambacho hamjakigusa. Kama NVR ni ile yenye porti za PoE (waya mmoja wa data na umeme) nyuma na kamera zimechomekwa humo, kamera hizo tayari ziko kwenye mtandao wao wa peke yao ndani ya NVR. Ruta haizioni. Inayoonekana ni NVR tu. Hivyo Kisiki unatenga kifaa kimoja, si kamera zote. Kamera za Wi-Fi ndizo zinazohitaji kutengwa moja moja.

Tatizo kubwa ninalolikuta kwa wateja liko kwingine. Naitwa nyumba imefungwa na fundi mwingine, nakuta NVR imesajiliwa kwenye akaunti ya simu ya huyo fundi, mwenye nyumba amegawiwa tu ruhusa ya kuangalia. Fundi aliondoka zamani, simu yake inaona sebule mpaka leo. Mama mmoja nilipomwonyesha alikaa chini kwenye ngazi, akaniuliza ile ya korido ya watoto nayo? Nikamwambia nayo. Hapo utengeneze mitandao mingapi, haisaidii. Fungua programu ya NVR, nenda kwenye usajili wa mtandaoni, tazama akaunti ni ya nani. Ikiwa si yako, ondoa, sajili upya kwa namba yako, badilisha na paswedi ya admin.

#20 BintiShangani
#19 ingebandikwa juu ya uzi.

#21 KisikiMbezi
Ahsante Fundi. Nimeangalia sasa hivi. Akaunti ni yangu, lakini kuna mtumiaji wa pili anaitwa "service" ambaye simfahamu. Nimemfuta. Kamera zimechomekwa kwenye NVR kama ulivyosema.

#22 ChumaMoto
Mnatishana bure. Nani ana haja na taa ya geti ya Mbezi? Mimi nina vifaa vyote pamoja na sijawahi kupata shida.

#23 MtotoBuguruni
Haja si na taa yako, ni na laini yako na wingi wenu. Ule mtandao wa virusi wa Mirai ulikuwa hivyo hivyo: kamera na DVR za watu wa kawaida, zilizoachwa na paswedi za kiwandani, 2017 zikaiangusha Dyn, kampuni ya kuelekeza watu kwenye tovuti, hivyo Twitter na Netflix zikazimika Marekani. Hakuna aliyekuwa na haja na picha za kamera hizo.

Na ile kasino ya Marekani iliyoibiwa kanzidata ya wateja wakubwa kupitia kipimajoto cha tangi la samaki?

#24 DoktaKebo
Ilikuwa 21 Oktoba 2016, si 2017. 2017, Desemba, ndipo ilipotangazwa kwamba vijana watatu wa Kimarekani wamekiri kuutengeneza. Na silaha yao haikuwa ya ajabu: orodha ya jozi kama 60 za jina na paswedi za kiwandani, wanajaribu kupitia Telnet (njia ya zamani ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali), porti 23 na 2323.

Ongezea la Novemba 2016: toleo jingine la Mirai lilishambulia ruta zenyewe kupitia porti 7547, mlango ambao mtoa huduma huutumia kuisimamia ruta yako akiwa ofisini. Ujerumani wateja wa Deutsche Telekom kama 900,000 walikosa huduma. Ndiyo sababu siiweki ruta ya mtoa huduma kuwa mlinzi wangu wa mwisho. Yeye ana funguo, na mwenye kumwibia yeye atakuwa nazo.

Kipimajoto cha samaki kilisimuliwa na Darktrace, kampuni inayouza ulinzi wa mitandao. Walisema GB 10 zilipelekwa Finland, kasino haikutajwa jina. Mimi sijengi hoja kwa hadithi ya muuzaji.

#25 MtotoBuguruni
Hadithi ya muuzaji inaweza kuwa kweli pia.

#26 ChumaMoto
Bado hamjajibu. Shida yangu mimi iko wapi?

#27 BintiShangani
Kaka Chuma, TV box nyingi za bei nafuu zinauzwa zikiwa na ADB imewashwa kwenye porti 5555. Ni mlango wa watengenezaji programu: mwenye kuufikia anaweka anachotaka ndani ya box, na nyingine hazimuulizi hata paswedi. Mwaka 2018 kulikuwa na virusi vilivyosambaa kwa njia hiyo tu, vikichimba sarafu za mtandaoni. Kwenye Wi-Fi yako ya pamoja, kila simu ya mgeni aliyepewa paswedi inaufikia huo mlango. Na box ikishakuwa chafu inaanza kugonga wengine ndani: printa, NVR, folda ulizoshiriki kwenye laptopu. Huoni kitu, kwa sababu haina sababu ya kukuonyesha.

FBI wa Portland, Oregon waliandika Desemba 2019 kwamba friji na laptopu visikae mtandao mmoja. Uingereza tangu 29 Aprili 2024 sheria inakataza kuuza kifaa chenye paswedi moja rahisi kwa wote. Huku kwetu kifaa kinakuja kilivyo, kwa hiyo ukuta unaujenga mwenyewe.

#28 NyukiDume
Mimi nimeshawishika, nitaweka mtandao wa kila kifaa. Wa TV, wa taa, wa kamera, wa friji, wa watoto, wa mama mkwe.

#29 MsukumaWaWaya
Mama mkwe mpe wa familia, usitafute kesi.

Ila usizidishe majina kwenye antena moja. Kila jina la Wi-Fi hujitangaza karibu mara kumi kwa sekunde hata kama hakuna anayelitumia, na kwenye 2.4 GHz chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11, ambazo unagawana na majirani. Majina mawili au matatu yanatosha: familia na kazi, vifaa, wageni wa kweli.

#30 Mswahili_Muscat
Salaam kutoka Muscat. Mimi nimepita njia ya MikroTik, niandike nilivyofanya maana nimeona imetajwa tu.

Ninayo hAP ac2, ina masafa yote mawili. hAP lite ile ndogo ambayo watu wa vocha za hotspot wanaipenda huko nyumbani ina 2.4 GHz peke yake na porti za Mbps 100, kwa faiba ya kasi itakubana.

Nimetengeneza Wi-Fi ya pili juu ya antena ileile, nikaipa bridge yake (mtandao wake wa ndani), namba zake 192.168.30, na DHCP yake (kigawa IP). Sikuhitaji VLAN kwa kuwa kila kitu kiko kwenye boksi moja. VLAN ya 802.1Q inakuja pale unapotaka mitandao miwili ipite kwenye waya mmoja kwenda kwenye swichi au antena nyingine, na swichi hiyo lazima iwe inayoelewa tagi. Swichi ya kawaida ya bei ya chini usiitegemee kwa kazi hiyo.

Kisha faiwoli (kichujio cha mawasiliano), na hapa mpangilio wa mistari ndio kila kitu, kwa sababu inasomwa kutoka juu kwenda chini. Kwenye mnyororo wa forward (mistari ya yanayopita kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine): wa kwanza, ruhusu mawasiliano yaliyokwisha kuanzishwa na yanayohusiana nayo. Wa pili, familia kwenda kwa vifaa, ruhusu. Wa tatu, vifaa kwenda kwa familia, kataa. Wa nne, vifaa kwenda intaneti, ruhusu. Ukiuondoa ule wa kwanza, laptopu itaigonga NVR na jibu litakataliwa njiani, utadhani NVR imekufa.

Wengi wanaishia hapo na kuusahau mnyororo wa input. Huo ndio unaolinda ruta yenyewe. Kutoka upande wa vifaa ruhusu DNS na DHCP tu, vingine vyote kataa. Vinginevyo TV box inaweza kufungua ukurasa wa kuingilia kwenye ruta na kukaa inabahatisha paswedi, na ikiipata, mistari yote ya juu haina maana.

#31 KamauThika
Na IPv6 (mfumo mpya wa anwani za IP) je? Huku kuna watoa huduma wanaotoa.

#32 Mswahili_Muscat
Swali zuri. Faiwoli ya IPv6 kwenye MikroTik ni orodha nyingine kabisa. Ukiandika ya IPv4, mfumo wa zamani, peke yake, vifaa vinaweza kuonana kwa IPv6 kama hakuna kilichotokea. Ama andika mistari ileile pande zote mbili, ama usiupe mtandao wa vifaa IPv6.

#33 ChumaMoto
Haya, nimetenga. TV iko huko, simu iko huku. Narusha vipi video kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV? Mmeshaua starehe ya nyumba.

#34 MsukumaWaWaya
Hapo una haki, na ndipo wengi wanapokata tamaa wakarudisha kila kitu pamoja. Simu huitafuta TV kwa kutangaza swali kwa maltikasti (kuviuliza vifaa vyote kwa pamoja), mDNS kwenye porti 5353, na tangazo hilo halivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Faiwoli inaweza kuwa imeruhusu kila kitu na bado simu haiioni TV, kwa sababu haijui ipo.

Dawa ni kirudishi cha mDNS, kinalibeba lile tangazo upande wa pili. OpenWrt weka Avahi na uwashe reflekta. RouterOS (mfumo wa ruta za MikroTik) mpya za toleo la 7 zinacho ndani. Kisha ruhusu familia kwenda kwenye IP ya TV, si kinyume.

Plagi na taa hazina shida hiyo. Zinaongea na seva ya nje, simu yako inaongea na seva hiyohiyo. Siku ya kuiunganisha tu ndiyo unaiingiza simu kwenye mtandao wa vifaa kwa muda.

#35 BintiShangani
Mimi nafikiri kwenye nyumba yenye watoto, TV ikae na simu za watoto kwenye mtandao mmoja, na laptopu ya kazi ndiyo itengwe peke yake. Wote mnafikiria kuvitoa vifaa, wakati chenye thamani ni kimoja. Mtoto anapakua michezo ya ajabu kwenye simu kila wiki. Sioni kwa nini simu hiyo iaminiwe kuliko taa ya geti.

#36 DoktaKebo
Hii ndiyo hoja bora kwenye uzi mzima.

#37 Mswahili_Muscat
Sikubali. Simu ya mtoto inapata masasisho, ina duka la programu linalokaguliwa. Taa ya geti haitasasishwa mpaka inaungua. Hatari si sawa.

#38 BintiShangani
Simu ya mtoto ya bei gani? Hizo zinazouzwa laki na nusu zilisasishwa lini mara ya mwisho?

#39 KisikiMbezi
Wakuu, mrejesho. Nimewasha mtandao wa wageni, nimetoa tiki zote mbili za #12. TV box, plagi na taa vimehamia huko. Jaribio la simu limepita: NVR haifunguki, printa haifunguki, ruta haifunguki. Laptopu ya mama watoto na simu zimebaki mtandao mkuu na paswedi mpya.

NVR iko kwenye waya na ruta hii haina uwezo wa kutenga porti, hivyo bado iko upande wa laptopu. Hiyo ndiyo inayonisukuma kununua ruta ya pili kama alivyosema Mzee wa Ilala, kwa mpangilio wa #15.

Kuhusu usiku: nimechomoa TV box ukutani usiku mzima. Data ya kutoka imeshuka sana lakini haijaisha. Maswali ya roboti yapo vilevile.

#40 MtotoBuguruni
Imeshuka sana. Kesi imekwisha, ni box.

#41 MsukumaWaWaya
Au ni programu ya mpira iliyokuwa ndani ya box. Irudishe kiwandani, usiweke programu ya pembeni hata moja, iache usiku mmoja. Ikiendelea kutoa ndipo ulaumu box yenyewe.

#42 DoktaKebo
Na maswali ya roboti yapo vilevile, maana yake CGNAT. Iliyobaki usiku ni simu zenu. Chomoa chaja.

#43 MtotoBuguruni
IP ikishachafuka haisafishiki usiku mmoja Dokta.

#44 FundiKamera_Mwanza
Au ni NVR inamjulisha mtu. Kisiki, baada ya kumfuta "service" uliwasha upya?

#45 KisikiMbezi
Bado. Nitawasha leo.

#46 JuaKali_Moro
Samahani kuingilia. Mimi nina inveta ya sola yenye kile kidude cha Wi-Fi cha kutuma taarifa za betri. Nacho nikitenge? Fundi aliniambia kikikosa mtandao garanti inakufa.

#47 BintiShangani
Kitenge, usikinyime intaneti. Hivyo ni vitu viwili. Kwenye mtandao wa vifaa kinaendelea kutuma kwa seva yake, garanti yako salama, na laptopu hakiioni. Agosti 2024 Bitdefender walitangaza mianya kwenye jukwaa la Solarman na kwenye inveta za Deye ambayo ingemwezesha mtu kushika akaunti na kubadilisha mipangilio ya inveta. Ilizibwa, lakini inakuonyesha kidude hicho si cha kupuuza. Badilisha na paswedi ya Wi-Fi kinayoirusha chenyewe, nyingi zinakuja na ileile kwa kila mteja. Inapatikana imebandikwa ubavuni.

#48 JuaKali_Moro
Ubavuni kuna namba ya kifaa na paswedi ni tarakimu nane mfululizo, moja mpaka nane.

#49 BintiShangani
Hiyohiyo. Anza nayo leo kabla ya ruta.